Ulimi wa Sanduku Namba 118

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitabu cha mahudhurio tu, na hata karani wa ghala alilisoma kwa kusitasita. Watu walimwita Shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa, kuziba magunia yaliyotoboka kwenye ghala la nafaka juu ya kilima. Ya pili ni mdomo wake. Ukimkanyaga kwa bahati mbaya, yeye ndiye aliyekuomba radhi, kwamba mguu wake umekaa mahali ulipotaka kupita wewe mkubwa, na aliisema kwa namna ambayo ungetamani angekutukana tu yaishe.

Kila asubuhi saa moja alikuwa ameshakaa juu ya kreti lake, miguu kainyoosha, rundo la magunia kushoto, viraka kulia, uzi wa katani kauzungusha shingoni kama mkufu wa tajiri. Wanawake walikuwa sita, wamekaa duara, wanakohoa vumbi na kusengenya. Shazia alishona haraka kuliko wote na kusengenya kidogo kuliko wote, maana masikio yake yalikuwa na kazi nyingine. Alikuwa anasikiliza honi.

Honi yenyewe ilikuwa ya lori la ghala. Lori liliteremka asubuhi na nafaka hadi stesheni ya treni mjini, kilomita ishirini na mbili, likapanda tena alasiri na magunia matupu. Huko mjini ndiko kulikokuwa na posta, posta ndiko kulikokuwa na sanduku namba 118, na ndani ya sanduku hilo, mara chache kwa mwaka, kulikuwa na barua ya binti yake. Lori likifika kona ya chini na kupiga honi mbili ndefu, maana yake barua imeingia. Likipita kimya, endelea kushona.

Utaratibu huo haukushuka toka mbinguni. Aliutengeneza mwenyewe, kidogo kidogo, kwa hasira.

Tuanze na binti. Shazia alizika watoto wawili kabla yake, ndiyo maana huyu alipozaliwa akalia na kuendelea kulia, mama yake alimwita Kiraka, kwamba amekuja kuziba. Baba alifariki mtoto bado anatambaa. Shazia akamlea peke yake, akamsomesha madarasa yote yaliyokuwapo kilimani, akamfundisha na kushona. Kiraka alipofika miaka ishirini na moja akaleta mchumba, mpiga picha wa kuzunguka, ana kamera ya kuazima na viatu vinavyong'aa. Shazia alivitazama viatu, akamtazama mwenye viatu, akamwambia binti yake pale pale mgeni akiwa ameshika kikombe: "Huyu anapiga picha za wenzake kwa sababu yeye mwenyewe hakai sehemu moja akaonekana."

Kiraka akasema anampenda. Shazia akasema neno ambalo baadaye alilitafutia kila mlango wa kulirudishia asiupate.

"Ukitoka na huyu, usiniletee miguu yako hapa tena."

Kiraka alikuwa mtiifu hata kwenye ukaidi wake. Miguu hakuileta. Mwaka wa pili alileta barua.

Sasa, sanduku halikuwa la Shazia. Lilikuwa la shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, mzee aliyeitwa Katibu kwa kuwa hapakuwa na kamati kilimani ambayo hakuwahi kuiandikia muhtasari: kamati ya maji, ya shule, ya makaburi, na moja ya kusimamia kamati nyingine. Ufunguo ulikuwa mmoja, umefungwa kwenye mnyororo wa saa yake, mfukoni mwa koti. Alishuka mjini siku anayojisikia. Barua ile ya kwanza ya Kiraka ilikaa sandukuni wiki tatu, halafu ikakaa mfukoni mwa Katibu wiki nyingine tatu, kwa sababu alikuwa amebadilisha koti.

Shazia aliisoma kwa kidole, neno baada ya neno. Kiraka ni mjamzito. Mtoto kakaa vibaya, daktari amepanga kumpasua tarehe fulani. Anaogopa. Kama mama hawezi kuja, basi amwandikie hata mstari mmoja aende nao chumba cha upasuaji. Shazia akahesabu. Tarehe ile ilikuwa imepita siku kumi na tisa. Kwa hiyo siku kumi na tisa binti yake alikuwa hai au amekufa, na yeye alikuwa anashona magunia na kula na kulala vizuri tu.

Alikwenda kwa Katibu akiwa bado na uzi shingoni.

"Shemeji, barua ya mwanangu imelala kwenye koti lako wiki tatu."

"Lakini haikupotea," alisema Katibu. "Ndiyo faida ya kuweka kitu kwa mtu mwangalifu."

"Nipe ufunguo nikachongeshe wa pili."

"Hapana, shemeji. Ufunguo wa posta ni amana, mimi nimetia saini. Siku ukitaka kwenda, njoo nikuazime, na uurudishe kabla jua halijazama. Tusiende ovyo ovyo."

Akaandika jibu siku hiyo hiyo, kurasa mbili, herufi kubwa zinazoegemeana. Hakuandika kwamba amesamehe wala kwamba aombwe msamaha. Aliandika kwamba barua ilichelewa kwa sababu ya koti la baba yake mkubwa, na kwamba ale kuku apate nguvu. Barua ya pili ya Kiraka ilisema mtoto yu salama, wa kike, na yeye pia yu salama, mshono umepona. Ila ilimchukua Shazia miezi miwili kuipata. Ndipo alipoapa kwamba barua ya tatu haitalala sandukuni hata siku mbili.

Kushuka kila siku kuangalia haiwezekani, kila siku ya kushuka ni siku ya kazi iliyokwenda. Ilibidi ajue akiwa huko huko juu.

Alianza na simu. Ofisini kwa msimamizi wa ghala palikuwa na simu ya mezani, na siku msimamizi yuko vizuri alimruhusu. Karani wa posta alipokea, akasikiliza, akasema: "Mama, hapa ni posta, si kwa mganga. Mimi sipigi ramli ya barua za watu." Akakata.

Halafu akamgeukia dereva wa lori. Dereva alikuwa mtu mnene, mpole, aliyemwita Shazia "mama mkwe" kwa utani, akidai kwamba wakati wake yeye ndiye aliyemtaka Kiraka, ila hakuwa na viatu. "Ungenipa mimi," alizoea kusema, "leo usingehitaji posta. Ungepiga kelele tu dirishani." Mlango wa sanduku 118 ulikuwa na mwanya chini, upana wa kidole; mwizi aliwahi kuubetua kwa bisibisi, na posta waliunyoosha nusu wakachoka. Shazia akamwomba dereva awe anachungulia kwenye mwanya akipita. Siku ya nne dereva akaja mbio.

"Kuna kitu cheupe ndani, mama mkwe. Nimekiona kwa macho yangu."

Shazia akaazima ufunguo, akashuka, akafungua. Ilikuwa rangi. Ndani ya sanduku palipakwa rangi nyeupe na ilikuwa imebanduka. Wiki iliyofuata dereva akaona tena kitu cheupe, na Shazia, kwa kuwa tamaa haina macho, akashuka tena. Rangi ile ile. Hapo dereva alikoma. Mwezi mzima Shazia alimngoja mlangoni mwa ghala, mbele ya wanawake wote, akimwuliza kwa sauti tamu: "Baba, leo umeona rangi gani? Ya kijani imeshawasili?" Wanawake wakacheka mpaka magunia yanawadondoka. Dereva naye alicheka, lakini tangu hapo alikuwa mwangalifu wa kitu cha kumwambia Shazia.

Njia iliyofanya kazi aliipata kwa mfagizi wa posta. Huyu alikuwa mama wa umri wake, mwenye goti bovu, ambaye Shazia alimkuta siku ile ya rangi ya pili akipiga deki veranda. Walianza kwa kumlaumu Katibu, wakamaliza kwa kuelewana. Mfagizi aliingia kila siku chumba cha nyuma, pale barua zinapopangwa na kusukumwa ndani ya visanduku. Kufungua mlango wa mbele hakuweza, wala kugusa barua hakuthubutu, angefukuzwa. Lakini kuweka kitu kidogo ndani ya sanduku tupu na kusahau kukitoa, nani angemwuliza?

Shazia akarudi kilimani akakata kipande cha gunia, urefu wa kiganja, upana wa vidole viwili. Akakipika kwa wanga kikakauka kama ubao, akakipaka ncha rangi nyekundu ya kuandikia alama za magunia. Nyuma akakishonea kisigino, kipande kilichosimama kidogo. Kinalazwa kwenye sakafu ya sanduku, ncha nyekundu ikiwa ndani tu ya mwanya. Barua ikisukumwa kutoka nyuma, inagonga kisigino, ncha inachomoza nje mlangoni kama mtu anayekutolea ulimi. Dereva akipita na lori anaona ulimi mwekundu kutoka barabarani, bila hata kuzima injini. Haya, piga honi.

Barua ya tatu, ulimi ulitoka siku ile ile ilipofika. Shazia aliisoma kesho yake saa nne, amekaa kwenye ngazi za posta, na mfagizi kaegemea ufagio anasikiliza. Ilikuwa nene. Ndani mlikuwa na picha tano, maana mume ni mpiga picha: mtoto kalala, mtoto kakaa, mtoto analia, mtoto kashika kijiko, na Kiraka mwenyewe kanenepa, anacheka na jino lake la pembeni. Barua ya nne nene. Ya tano nene zaidi, mlikuwa na karatasi mtoto kawekewa mkono ukachorwa kwa penseli. Hakuna mahali Kiraka aliposema nisamehe, na Shazia katika majibu yake hakusema njoo. Walizunguka tu pembeni mwa neno hilo, kila mmoja anamngoja mwenzake alikanyage. Lakini mikononi mwa Shazia kulikuwa na picha kumi na nne, na alizibandika ukutani juu ya kitanda, na aliyeingia chumbani akaulizia viatu vya mkwe aliambiwa atoke.

Tatizo likawa Katibu.

Mzee alikuwa mwanachama wa kila kitu kinachotuma karatasi. Taarifa ya mkutano, ukumbusho wa mkutano, masahihisho ya mkutano uliopita. Zote nyembamba, zote zinagonga kisigino kama kawaida. Ulimi unatoka, honi inalia, Shazia anaacha gunia nusu, anaomba ufunguo, kesho anashuka, anafungua: "Ndugu Katibu, unakumbushwa." Na Katibu alipogundua hilo, akaacha kabisa kwenda mjini. Alikuwa akisikia honi anasimama mlangoni kwake, ufunguo tayari mkononi.

"Nimesikia imepiga, shemeji. Ukienda, zangu usizikunje. Na ukipita dukani niletee wino."

Kule ghalani hawakumwacha. "Shazia kapanda cheo," alisema mmoja. "Sasa ni tarishi wa Katibu." Mwingine akasema: "Baiskeli bado hajapewa, lakini kofia imeshaagizwa." Shazia, ambaye alizoea kuchoma wenzake, hakujua namna ya kuchomwa. Akahesabu. Miezi mitatu ulimi umetoka mara kumi na moja. Barua ya Kiraka ilikuwa moja. Mara kumi ameteremka kilomita ishirini na mbili kumletea mzee mzima habari kwamba kikao kimeahirishwa.

Akashuka mara ya kumi na mbili, akakuta ukumbusho, akamwita mfagizi.

"Dada, hiki kisigino nakitaka kiinuke."

"Kiinuke kiasi gani?"

"Karatasi za Katibu zipite chini yake bila kugusa. Yangu ni nene. Yangu itagonga."

Mfagizi alikigeuza kile kipande mkononi. "Na kama siku moja ikaja nyembamba?"

"Mwanangu hajawahi kuniandikia nyembamba. Hana maneno machache, hilo kanirithi mimi. Na yule wa kamera lazima atie picha, asipotia picha atasema nini?"

"Mimi nauliza tu."

"Umeuliza, nimekujibu."

"Haya. Ulimi ni wako, si wangu."

Shazia akatoa shazia yake kwenye mkoba, palepale verandani, akafumua kisigino, akakishona upya juu ya vijiguu viwili, kama kidaraja. Akajaribu kwa bahasha ya ukumbusho: ikapita chini, laini, ulimi haukutikisika. Akajaribu kwa bahasha iliyojazwa karatasi, nene kama za Kiraka: ulimi ukachomoza. Alicheka. Ilikuwa kazi safi, na yeye alikuwa mtu wa kujua kazi safi akiiona. Mfagizi akaenda kukiweka.

Ukimya uliofuata aliufurahia, hilo lazima lisemwe. Lori likapita kimya Jumatatu, likapita kimya Jumanne. Wiki ya pili Katibu akaja mwenyewe ghalani, koti kalifunga vifungo vyote.

"Shemeji, honi imeharibika?"

"Imepona, shemeji."

"Mbona sisikii?"

"Wino umekwisha? Mjini ni kule, barabara ni moja, huwezi kupotea."

Wanawake walipiga vigelegele vya chini chini, na Shazia akajiona amerudi kwenye kiti chake. Katibu hakushuka mjini. Aliona ni unyonge kuanza kwenda mwenyewe baada ya kupata wa kumwendea. Akaamua kungoja mpaka shemeji achoke. Kwa hiyo ufunguo ulilala mfukoni, sanduku likalala limefungwa, na wakaidi wawili wa ukoo mmoja wakashindana nani ataanza.

Alhamisi ya tarehe kumi na nne Shazia alishona magunia hamsini na mbili, ambayo hata kwake ilikuwa nyingi. Hakukuwa na joto, vumbi lilikuwa limetulia kwa mvua ya jana yake, na mkono ulikubali. Lori lilichelewa kupanda. Alipoliona linakuja alisimamisha sindano, likapita kona ya chini kimya, akaendelea. Dereva aliteremka akasema treni ya mbali ilikuwa imesimama mjini muda mrefu, wanabadilisha kichwa, watu wamejaa stesheni mpaka njia ya magunia hakuna. Alikaa kidogo na kofia yake mkononi, kama anayetaka kusema jambo. Shazia akamtupia jicho.

"Nini? Umeona rangi?"

"Hapana, mama mkwe," alisema dereva, akavaa kofia. "Sijaona kitu."

Jumatatu ya tarehe ishirini na tano honi ililia. Mbili, ndefu. Shazia alisimama na gunia mapajani likaanguka. Siku hamsini na tatu bila barua, alikuwa anazihesabu. Usiku ule aliosha gauni lake la kutokea, asubuhi akaenda kwa Katibu. Mzee alifungua mlango kabla hajabisha.

"Nilijua utachoka wewe kwanza," alisema, akamkabidhi ufunguo. "Zangu usizikunje."

Ulimi ulikuwa umetoka wote, mrefu, mwekundu, hauna aibu. Shazia aliuona tangu lori halijasimama. Akafungua sanduku. Kilichokaa mbele kilikuwa bahasha kubwa ya kaki imekunjwa kwa nguvu ili ienee: kalenda ya ukutani na taarifa ya mwaka ya chama cha makatibu wastaafu. Shazia aliitoa, akaiweka sakafuni. Chini yake, zimelala bapa zimepangana vizuri, mlikuwa na bahasha saba nyembamba. Sita zilichapwa kwa mashine. Ya saba, ya chini kabisa, ilikuwa na mwandiko wenye kichwa kilichoinamia kushoto, mwandiko aliousimamia yeye mwenyewe kwa ubao na chaki.

Muhuri wa posta ya mjini ulikuwa wa tarehe sita.

Ilikuwa karatasi moja.

"Mama, shikamoo. Naandika haraka, vitu vyote vimefungwa, hata picha sina ya kukutilia. Baba wa mtoto amepata kazi ng'ambo, tunaenda moja kwa moja kupanda meli. Treni yetu itasimama hapo mjini Alhamisi tarehe 14, kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Uliniambia nisilete miguu yangu kilimani, kwa hiyo sitapanda. Nitakaa na mjukuu wako kwenye benchi lililo chini ya saa ya stesheni. Ukija nitajua yameisha, na mimi nina neno la kukuambia kwa mdomo. Usipokuja nitajua bado, na sitakusumbua tena kwa barua. Anwani ya huko nitakupa mkono kwa mkono. Mtoto anajua kusema bibi. Wako, Kiraka."

Aliisoma kwa kidole mpaka mwisho, akarudia juu. Mfagizi alikuja na ndoo yake akasimama. Alitazama sanduku lililo wazi, akaingiza mkono, akatoa kile kipande cha gunia, akakitazama vijiguu vyake.

"Imepita chini," alisema Shazia.

"Dada, mimi nilikuuliza."

"Najua ulichoniuliza."

"Siku zile zote nilikuwa napita nyuma na ufagio wangu. Naona vikaratasi vinajaa. Nikasema ni vya Katibu."

"Ni mimi niliyekuambia ni vya Katibu."

Alikwenda stesheni, siku kumi na mbili baada ya treni. Benchi lilikuwapo, saa ilikuwapo, inakwenda. Mzee mmoja alikuwa kalala juu ya benchi na kikapu chake kifuani. Shazia hakumwamsha. Alisimama mbele yake, akitazama mbao za benchi pale ambapo mzee hakuzifunika, kama mtu anayekagua gunia kutafuta lilikotobokea. Dereva alimkuta hapo, amemaliza kupakia.

Ndani ya lori, nusu ya kilima, dereva alisema bila kugeuza kichwa:

"Alhamisi ile nilimwona mwanamke chini ya saa. Ana mtoto wa kike, amemvika soksi nyeupe. Nilikuwa ng'ambo ya reli, kwa mbali, na kati yetu kuna mabehewa. Nikasema moyoni, huyu kama Kiraka. Kila lori likiingia uani anasimama."

Shazia akamgeukia.

"Sikuwa na hakika. Kiraka namkumbuka mwembamba. Nikataka kukuambia, ila nikakumbuka ile rangi." Akabadilisha gia. "Nikasema nikikosea tena, huyu mama hataniacha mpaka nizikwe."

"Ungeniambia."

"Ulikuwa umeshaniuliza nimeona rangi gani, kabla sijafungua mdomo."

Shazia akatazama barabara.

Katibu alikuwa mlangoni. Alipokea bahasha zake sita akazihesabu, akaichomoa kalenda, akaikunjua kwenye mwanga.

"Shemeji, pembe imekunjwa."

Shazia akamwekea ufunguo mkononi, akageuka kwenda. Mzee, aliyezoea kutukanwa, akamfuata mpaka kwenye ngazi.

"Barua ya mtoto ilikuwapo?"

"Ilikuwapo."

"Si unaona," alisema Katibu kwa upole kabisa. "Ndiyo maana nasema tusiwe tunaacha kwenda."

Ni miaka sita sasa. Shazia bado anashona pale ghalani, ingawa macho yamepungua na uzi anatungiwa na mwenzake. Hakuna barua iliyokuja. Aliandika kwa anwani ya zamani mara tatu, zikarudi mara tatu na mchoro wa kalamu juu yake. Aliandika kwa kampuni ya meli, hawakujibu.

Wiki ile ile aliyotoka stesheni alishona ulimi mpya. Huu hauna wanga wala kisigino. Ni uzi mmoja wa katani ulionyooshwa, ncha nyekundu, mwepesi kiasi kwamba kadi inausukuma, risiti inausukuma, hata upepo wa mlango wa nyuma ukifunguliwa kwa nguvu unausukuma. Dereva alimwambia hauna maana, utakuwa unatoka kila siku. Shazia alimwambia apige tu. Kwa hiyo anapiga, na Shazia anashuka, anafungua, anatia mkono mpaka ukuta wa nyuma, anapapasa chini na pembeni, kisha anatoa vya Katibu na kuvipanga kwenye mkoba bila kuvikunja.

Katibu mwenyewe alimchongeshea ufunguo wa pili, maana alichoka kuamka mapema kumpa. Anao shingoni, kwenye uzi wa katani.

Kule ghalani honi ikilia wanawake wanakusanya miguu yao ili apite. Walizoea kumtania na kofia ya tarishi. Siku hizi mmoja humshikia gunia lake, mwingine humpangusa vumbi mgongoni kabla hajatoka nje.